Basi la watoto sitini halijengi ustahimilivu

Wiki iliyopita tangazo lilipita katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule anayosoma mwanangu. Shule imeandaa "ziara ya nje ya kujenga ustahimilivu na uthubutu", na mchango wa mzazi umejumuisha usafiri, fulana yenye nembo, chipsi kuku, soda mbili na picha zitakazopigwa na mpiga picha wa kukodi. Wazazi wenzangu walijibu kwa vile viganja vilivyokutana kama vya mtu anayesali, wengine wakabandika methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, na mmoja akauliza kama fulana za saizi kubwa zitakuwepo. Hakuna aliyeuliza ni jambo gani, katika siku nzima hiyo, mtoto atatakiwa kulifanya mwenyewe ambalo likimshinda litamgusa yeye na wenzake.

Niliisoma ratiba hadi mwisho nikilitafuta jambo hilo. Watoto wataondoka alfajiri kwa mabasi mawili, kila basi likiwa na watoto wapatao sitini. Watafika mbugani, watatembezwa na mwongozaji, watapewa chakula, watavuta kamba, watasikiliza nasaha za mgeni rasmi (naam, hata porini tumempeleka mgeni rasmi), watapiga picha ya pamoja na kurudi. Kila kitenzi katika ratiba hiyo kinamtendea mtoto. Ukiliondoa neno "ustahimilivu" kwenye tangazo, kilichobaki ni safari ya kutembea, na ingeuzwa kwa jina hilo nisingekuwa na la kusema. Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba kwa mtoto wa Mbagala ambaye hajawahi kumwona twiga akivuka barabara, hata dirisha la basi lina thamani yake. Ninachokataa ni kuuziwa dirisha kwa bei ya mlima.

Kitu kinachomkomaza mtoto nje ya darasa ni udogo wa kundi lake, kwa maana ya kundi ambalo mtoto asipofanya sehemu yake, kazi inalala. Wala haya si mawazo mapya. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwachukua wavulana wapatao ishirini tu, wengine kutoka shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, na hata hao ishirini aliwaona ni wengi mno kwa kundi moja, akawagawa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake mtoto. Mwaka 1991 klabu za mazingira za Roots & Shoots zilianza hapa hapa Dar es Salaam kwa wanafunzi 12 wa sekondari waliokusanyika nyumbani kwa marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na leo zimeenea duniani. Ng'ambo ya pili ya Kilimanjaro, Loitokitok nchini Kenya, kituo cha Outward Bound, shirika linalowafunza vijana kwa safari za nje, kilianza kuwapeleka vijana mlimani miaka ya 1950, nao hupanda wakiwa katika vikundi vidogo. Yaani mfano tumekuwa nao uani kwetu kwa miongo mingi, nasi tukachagua kukodi basi.

Novemba moja, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, nilifuatana na kikundi cha watoto wanane kilicholala pembezoni mwa msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, skauti wa siku nyingi, na kazi yangu mimi ilikuwa kuendesha gari na kunyamaza, ambayo kwa mzazi wa mjini ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kila mtoto alipewa jukumu lake kabla ya kushuka: huyu kiberiti na kuni, yule dumu la maji, hawa wawili turubai na kamba, yule mchele na chumvi. Mwenye kuni alikuwa mvulana wa darasa la tano, naye alifanya kama ambavyo mtoto yeyote angefanya: alicheza kwanza, na alipokwenda kuziokota kuni mvua ilikuwa imeshapita juu yake.

Jioni ilipoanza kuingia, alipiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moshi hadi machozi yakamtoka, huku njiti za kiberiti zikizidi kupungua. Hatimaye alimgeukia mwalimu, aliyekuwa ameketi juu ya gogo, mikono ameificha kwapani.

"Mwalimu, moto umekataa."

"Nauona."

"Kuni zimelowa, mwalimu."

"Hilo nalo naliona. Mna njaa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi kazi mnayo."

Nusura niinuke. Nilikuwa na mafuta ya taa kwenye buti la gari na nilijua kwamba kijiko kimoja kingemaliza kilio chote. Mwalimu alinitazama mara moja tu, nikaketi. Watoto walinuna, walilaumiana, na kwa muda fulani ilionekana kama watalala na njaa huku wakichukiana. Kisha msichana mmoja akachukua kisu na kuanza kuyamenya maganda ya kuni zile zilizolowa ili aufikie moyo wake mkavu, na mwingine akakumbuka kwamba chini ya gunia la vyombo yalikuwa yametandikwa makumbi ya nazi ili sufuria zisigongane. Makumbi yalishika moto. Wali ulioivishwa usiku ule ulikuwa na kiini juu na umeungua chini, na sikuona hata punje moja iliyobaki. Ila kilichonifurahisha zaidi nilikiona asubuhi, tulipoamka na kukuta kuni zimepangwa chini ya turubai, karibu kabisa na mahali yule mvulana alipolaza kichwa chake. Hakuna aliyemwagiza.

Sasa mwondoe mtoto huyo kwenye watoto wanane, umweke katikati ya sitini. Moto ungewashwa na mpishi. Kama angesahau kuni, asingejua mtu, na yeye mwenyewe asingejua kwamba amesahau, kwa kuwa katika sitini kila jambo lina mtu mwingine wa kulifanya. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alilipima jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuwavutisha watu kamba: kadiri walivyoongezwa wavutaji, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu, hata walipofika wanane kila mtu alikuwa akitoa takribani nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Msomaji makini atanirukia hapa kwamba kwa hesabu hiyo hata wanane wangu ni wengi. Ni wengi kweli, ikiwa wote wameshika kamba moja. Kikundi cha Pugu kilifanya kazi kwa sababu hawakuwa wameshika kamba moja. Huyu alikuwa na kiberiti, yule dumu, na hapakuwa na dumu la pili. Ndiyo maana mchezo wa kuvuta kamba ulioandikwa kwenye ratiba ile kwa jina la "mshikamano" ndio mchezo hasa unaomfundisha mtoto kujificha nyuma ya wenzake.

Lipo na suala la mtu mzima. Watafiti wawili wa Marekani, Emmy Werner na Ruth Smith, waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika dhiki kubwa, kama ufukara, ugomvi wa nyumbani na wazazi wagonjwa, takribani theluthi moja walikua wakawa watu wazima wanaojiamini na wenye uwezo wa kuwajali wengine, na jambo mojawapo lililojitokeza katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajua na kuwasimamia: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mwalimu wa kwenye gogo. Alijua kwamba mvulana wa kuni akikemewa mbele ya wenzake hujikunja siku nzima, hivyo hakumkemea. Alijua pia kwamba msichana wa kisu ameshika visu jikoni kwao tangu mdogo, hivyo hakumnyang'anya. Aliingilia mara moja tu, mtoto mmoja alipotaka kuteremka kwenye mteremko uliolowa akiwa na ndala, na hapo alipaza sauti kwelikweli. Kutenganisha kitu kigumu na kitu cha hatari ndiyo elimu yote ya mwongozaji, nayo haiwezekani kwa mtu aliyekabidhiwa watoto sitini ambao ameanza kwa kuwahesabu na atamaliza kwa kuwahesabu. Simlaumu mwalimu huyo wa watoto sitini. Mtu ambaye darasani ana watoto zaidi ya mia, kama ilivyo katika shule nyingi za umma tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, hatuwezi kumwongezea na basi Jumamosi kisha tumwite mlezi.

Wazee wetu hesabu hii walikuwa nayo. Wari, yaani vijana waliokuwa wakipitishwa jando, hawakupelekwa kumbini kijiji kizima, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumwangalia, anayejua amekula nini na amelia saa ngapi. Sitaki kuipamba jando kuliko ilivyokuwa. Kulikuwa na fimbo, kulikuwa na vitisho, kulikuwa na visu ambavyo hospitali ya leo isingevikubali, na baadhi ya mambo hayo tumeyaacha kwa heri. Lakini inashangaza kwamba katika kuyaacha tulitupa lile kundi dogo na yule mlezi, tukabaki na fimbo, ambayo hadi leo ipo juu ya meza ya mwalimu.

Shamba la shule nalo lilikuwa na nafasi yake. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia mwanafunzi apange, alime, akosee na ale matokeo ya kukosea kwake. Tuliosoma baadaye tunajua shamba liligeuka mahali pa kupelekwa waliochelewa namba.

Najua nitakachojibiwa, nami nitapita haraka. Wapo watakaosema msituni kuna hatari. Wazazi wa nchi hii hatujaisahau Mei 2017, wanafunzi 32 walipopoteza maisha kule Karatu pamoja na walimu wao wawili na dereva, nao walikuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio, si kupanda mlima. Barabara ndiyo ya kuogopwa kuliko msitu, na basi linalosafiri kwa muda wa saa tano kwenda mbugani lipo barabarani muda mrefu zaidi kuliko gari linalokwenda Pugu. Wapo watakaosema mitihani iko karibu. Mitihani iko karibu tangu chekechea. Wapo watakaosema tayari tuna skauti shuleni. Tunao, tena wamepiga pasi vizuri, na tunawatumia kusimama juani wakati wa kupokea wageni na kuzuia watu kwenye sherehe. Vijana waliokula kiapo cha skauti wamegeuzwa kamba ya uzio.

Swali la gharama ndilo pekee linalostahili jibu refu kidogo, maana ndilo linalotumiwa kuufunga mjadala. Mtu anasema: wanane wanane, shule ina watoto mia nne, tutamaliza lini? Lakini ukiondoa basi la masafa, fulana, mpiga picha, chipsi na posho ya mgeni rasmi, kinachobaki ni mchele, maharage, turubai, sufuria mbili, sanduku la huduma ya kwanza, nauli fupi, kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa wanaoingia hifadhini, na malipo ya haki kwa watu wazima wawili waliofunzwa, mmojawapo awe mwanamke. Hapo penye malipo ya haki ndipo nisipotaka mzaha: tukiwategemea wastaafu wenye moyo mwema kama yule wa kwangu, mpango utakufa siku goti lake litakapokataa. Watoto hawalazimiki kwenda wote kwa wiki moja, wala hawalazimiki kwenda mbali. Moshi wana vijito na migomba, Lushoto wana vilima, Tanga na Bagamoyo wana mikoko ambako maji yakijaa hayamsubiri mtoto amalize kubishana. Mzazi mmoja mmoja anaweza kupangiwa zamu, ilimradi afundishwe kwanza kuketi juu ya gogo.

Na kwa wazazi wenye mabinti wanaosita kuwaruhusu walale nje, sitawabeza, kwa sababu wanayoyahofia yanatokea, na shule isiyoweza kuwaambia kwa maandishi ni nani atalala wapi na nani atakuwa macho haistahili kupewa mtoto wa mtu. Waanze na mchana. Kutoka asubuhi hadi alasiri, kundi la wasichana wanane, mwalimu wao wa kike, dumu moja la maji na sufuria moja vinatosha, na kuni wazitafute wao.