Makofi hayavuti turubai

Jumapili jioni, baada ya mechi, walimpa Mzee, mtunza uwanja wetu wa besiboli, kibao cha shukrani. Mbao iliyopakwa vanishi, jina lake kwa herufi za dhahabu, na miaka aliyojitolea: 41. Watu wakasimama, wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma. Kisha kila mtu akakunja kiti chake akaingia garini. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameshatanda. Mzee akakilaza kibao juu ya benchi la wachezaji, akaenda kuvuta turubai la kufunika uwanja. Peke yake, na ana miaka 76.

Nina hasira tangu siku hiyo.

Wenzangu mnaoishi hapa Minnesota, Marekani, mnajua viwanja hivi. Miji mingi, hata yenye watu mia tatu, ina besiboli yake: wachezaji ni mafundi, walimu na wakulima, na hakuna anayelipwa. Mashindano ya jimbo yalianza mwaka 1924. Mwaka 1950 timu zilifika 799, halafu televisheni ikaingia majumbani, na mwaka 1961 timu ya ligi kuu ya kulipwa, Twins, ikahamia hapa. Leo hazifiki hata nusu ya zile. Zilizobaki, ukichunguza, nyuma ya karibu kila moja utakuta mzee mmoja na reki.

Nilipohamia mji huu nilikuwa natoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, sipati usingizi, natembea tu. Nikamkuta uwanjani, saa mbili asubuhi. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza kama namjua John Donaldson, mtupaji mpira Mweusi ambaye ligi kubwa zilimfungia mlango kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 1924 mji mdogo wa Bertha, hapahapa Minnesota, ukamchukua awatupie. Alinisimulia kama mtu anayemtaja ndugu yake. Nilikaa pale mpaka saa tano.

Siku hiyo niliona kazi yenyewe. Mtupaji anapotupa, mguu wake wa mbele unatua palepale mara mia na zaidi, na kwenye kichuguu anachotupia panachimbika shimo la kuingiza kiatu kizima. Mzee analifagia, anatoa udongo mlegevu wote, anamwagia maji, anasubiri. Anachomeka kidole. Ukinata, bado, ukikubali kubonyea bila kushika ngozi, ndipo anaweka udongo mpya wa mfinyanzi, tabaka jembamba, anashindilia, anaongeza tabaka jingine. Akiharakisha, udongo mpya haushikani na wa chini, unabanduka kama chapati mechi ikiwa katikati, na kijana wa watu anavunjika kifundo. Halafu afanye hivyohivyo pale anaposimama mpigaji. Halafu kamba, halafu chokaa. Hayo yote kabla mtu wa kwanza hajanunua soseji.

Sasa niambieni: mtu aliyeona haya, anampaje kibao?

Kwetu ukifika msibani ukamkuta mtu anachanja kuni peke yake, humpigii makofi. Unatafuta shoka la pili. Hakuna anayekutuma, hakuna orodha, na mwenye shoka hageuki kukushukuru, kwa sababu kazi haikuwa yake, ilikuwa ya wote. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Na ndiyo maana makofi yale yaliniuma. Yalikuwa yanasema: hii ni kazi yako, na unaifanya vizuri, endelea. Tulimsifu ili tusimsaidie.

Nasema "tulimsifu" kwa sababu miaka mitano nimekuwa nikikaa pale nikila mbegu za alizeti na kumsalimia kwa heshima zote. Heshima bila mkono.

Nakubali, si rahisi kumsaidia. Ukikwangua anarudia ulipokwangua. Watu nao wana mifugo, wana zamu, wana watoto. Sawa. Lakini mchezo huuhuu una desturi ambayo sijaiona kwingine: timu ikifuzu kwenda mashindano ya jimbo inaruhusiwa kuchukua watupaji wa timu jirani zilizotolewa. Kijana uliyemshinda Alhamisi anavaa jezi yako wiki inayofuata. Watu wanaoweza kupeana mikono ya kutupa mpira wanashindwaje kupeana mikono ya kushika reki?

Mzee akiacha, uwanja hautakufa siku hiyo. Utaota magugu kwenye mstari wa besi ya kwanza, mtupaji atalalamika, mechi mbili zitahamishiwa mji wa jirani, na msimu mmoja hakutakuwa na orodha ya wachezaji. Hivyo ndivyo timu hizi zinavyokwisha, kimyakimya.

Jumapili ile nilishuka kwenye ngazi, nikashika pembe ya pili ya turubai. Nilivuta kwa nguvu, likakunjamana. "Usilivute," akaniambia, "tembea nalo." Tukatembea nalo. Tukaweka mifuko ya mchanga kwenye pembe, mvua ikaanza, tukakimbilia bandani. Kibao kikabaki kwenye benchi, kikinyeshewa, na hakuna aliyekikumbuka.

Jumamosi mechi ni saa nane mchana. Yeye hufika saa mbili asubuhi. Nitapita hapo moja kwa moja kutoka kazini. Nyuma ya kibanda cha vyakula kuna reki nyingine tatu, na mlango haufungwi.