Soma Kanuni za Mapigano Kabla ya Kuchora Ramani

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambamo mwendesha mchezo husimulia na dadu huamua matokeo, waendesha mchezo wengi huanza kuunda dunia ya hadithi kwa ramani: milima hapa, mto pale, falme mbili zenye uhasama wa tangu enzi. Kanuni za mapigano huachwa hadi siku ya kucheza, kana kwamba haziwahusu wakulima, majemadari wala warithi wa viti vya enzi. Napinga utaratibu huo. Historia uliyoiandika wachezaji huisikia mara moja tu; dunia yenyewe wanaijua kwa yale yanayotokea dadu zikishatua mezani.

Chukua Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii, toleo la tano la 2014. Mchawi wa ngazi ya tano anaweza kurusha mpira wa moto wenye nusu kipenyo cha futi 20. Madhara yake ni jumla ya dadu 8 za pande sita, na anayefaulu kukwepa hupata nusu. Raia wa kawaida ana pointi 4 za uhai. Piga hesabu: hata dadu zote zikitoa moja na raia akafaulu kukwepa, bado anapata madhara 4, na anaanguka. Jemadari gani basi atawapanga wanakijiji wenye mikuki bega kwa bega mbele ya adui mwenye mchawi wa namna hiyo? Majeshi yangetawanyika na kuchimba mahandaki. Mtoto mwenye kipaji cha uchawi angesakwa na watawala, na wazazi wangemficha.

Kanuni za kifo zina mengi zaidi, na ndizo hupuuzwa kuliko zote. Katika toleo hilohilo, kuhani wa ngazi ya tisa anaweza kumfufua aliyekufa ndani ya siku 10, mradi awe na almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu, nayo huteketea. Maiti ikikosa kichwa, haifufuki kwa uchawi huo. Basi muuaji wa kulipwa anayejua kazi yake huondoka na kichwa. Mfalme huweka almasi kwenye hazina kabla ya fedha ya mishahara. Mrithi hatawazwi mpaka siku ya kumi na moja, na anayeshika migodi ya almasi anashika roho za matajiri wote. Maskini akifa, amekufa. Hapo kuna hadithi za miaka mitatu, nawe hujachora hata mlima mmoja.

Wapo waliofuata njia hii wakafanikiwa. Eberron ya 2004, mojawapo ya dunia zilizoundwa kwa ajili ya mchezo huo, ilichukua uchawi uliokuwa tayari kwenye kanuni ikaufanya kuwa viwanda na usafiri. Dark Sun ya 1991, dunia nyingine ya mchezo huo, ilifanya metali kuwa adimu, kwa hiyo watu wanapigana kwa silaha za mifupa na mawe, na uhaba huo unaonekana kwenye kila pigo.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 ikiwa na mizizi katika Chainmail ya 1971, kanuni za kupiganisha vinyago vya askari. Ukichota kila kitu humo, utapata dunia inayojua kupigana tu, isiyo na ndoa wala ibada. Ni kweli. Tena baadhi ya kanuni zipo kwa ajili ya meza, si kwa ajili ya dunia: hakuna mkulima anayejua kwamba vita huenda kwa raundi za sekunde sita. Kipimo changu ni kujiuliza kama mwenyeji wa dunia ile angeliona jambo lenyewe kwa macho yake. Raundi haioni. Jirani aliyefufuka atamwona, na maisha yake yatabadilika.

Na kanuni ikiharibu dunia unayoipenda, ibadilishe kanuni. Ukitaka kisu kimoja gizani kimalize ukoo wa kifalme, futa ufufuo kabisa, tena useme hivyo kabla wachezaji hawajachagua wahusika wao, maana anayetaka kuwa kuhani ana haki ya kujua mapema.