Chama kwenda Jangwani: mashabiki wa Simba walikuwa wanamlilia nani?

Tarehe 1 Julai 2024, Yanga, klabu ya soka yenye makao Jangwani, Dar es Salaam, ilipomtangaza kuwa mchezaji wake Clatous Chama, kiungo Mzambia aliyekuwa amemaliza mkataba wake na watani wao wa jadi Simba, kijana wa bodaboda anayenibeba mara kwa mara alikuja kazini na jezi yake nyekundu ileile ya siku zote, yenye jina la Chama na namba 17 mgongoni. Safari hii, hata hivyo, alikuwa ameifunika kwa kizibao cha riflekta na kukifunga zipu hadi shingoni, jua likiwa kali. Alipotaniwa kijiweni alijibu kwa mkato kwamba yule ni mzee, waache wamchukue, watakuja kulipia dawa za magoti. Kijiwe kizima kilicheka, wakiwamo wa Yanga wenyewe. Tulipoingia barabarani, bila mimi kumuuliza chochote, alianza kuwalaumu viongozi wa klabu yake kwa kushindwa kumpa Chama mkataba mpya.

Kauli hizo mbili, zilizotoka katika kinywa kimoja ndani ya nusu saa, ndizo zilizosikika kila mahali kwa majuma kadhaa, na ni vigumu kuzipatanisha. Ikiwa mchezaji amekwisha, kumwachia aende ni busara, na kiongozi aliyemwachia anastahili pongezi. Ikiwa kumwachia ni kosa, basi hajakwisha, na Yanga wamelamba dume. Jibu jepesi ni kwamba hii ni hadithi ya sungura aliyeshindwa kuyafikia matunda akajifariji kwa kusema “sizitaki mbichi hizi”. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linawadharau mno watu ambao, kwa kawaida, wanaijua timu yao kuliko wanavyojua siasa za kata yao.

Tuanze na uchungu wenyewe, kwa sababu haukuwa wa bure. Chama alifika Msimbazi, yaliko makao ya Simba, mwaka 2018, na Machi 2019 alifunga bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita lililoivusha Simba hadi robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Miaka minne baadaye, Machi 2023, alifunga matatu katika ushindi wa 7-0 dhidi ya Horoya ya Guinea. Katikati ya matukio hayo kuna somo ambalo mashabiki hawakulisahau: mwaka 2021 Simba, ikiwa imetwaa ubingwa mara nne mfululizo, ilimuuza Chama kwa RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri, kisha msimu uliofuata ubingwa ukahamia Jangwani na kukaa huko. Chama alirejeshwa Januari 2022, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mtu aliyeishi na kumbukumbu hiyo akiona jina lilelile linaondoka tena, na safari hii si kwenda Berkane bali kwa mtani, ana haki ya kushtuka.

Waliosema aende nao walikuwa na hoja zisizopuuzika. Chama alikuwa ametimiza miaka 33 majuma mawili tu kabla. Simba yenye Chama ilikuwa imemaliza msimu wa 2023/24 katika nafasi ya tatu, ikizidiwa na Azam kwa tofauti ya mabao, na Novemba 2023 ilikuwa imefungwa 5-1 na Yanga, siku ambayo hakuna shabiki wa Simba anayependa kukumbushwa. Mwezi uliofuata klabu ilimsimamisha Chama kwa masuala ya nidhamu. Uongozi uliamua kuvunja kikosi na kukijenga upya: wakaondoka pia wakongwe kama John Bocco na Saido Ntibazonkiza, wakaletwa vijana kama Jean Charles Ahoua, Joshua Mutale na Steven Mukwala. Huwezi kutangaza kwamba unajenga timu changa kisha ukaijenga kuzunguka kiungo wa miaka 33, hata awe na mguu wa dhahabu.

Kinachonitia shaka ni muda wa hesabu hiyo. Wengi walioipiga Julai hawakuwa wameipiga Juni. Wakati mazungumzo ya mkataba yakiendelea, vijiwe vya wekundu vilikuwa vikidai abakizwe kwa gharama yoyote. Umri wake uligunduliwa siku aliyoonekana na jezi ya kijani na njano. Hapo ndipo inapoonekana kwamba neno “mzee” lilikuwa ngao kwanza na tathmini baadaye. Shabiki alihitaji kitu cha kujibu pale kijiweni, mbele ya watu watakaomcheka mwaka mzima, na umri ndio uliokuwa karibu. Hoja inaweza kuwa sahihi hata kama mtu ameishika kwa sababu ya aibu, ila asituombe tumsifu kwa kuona mbali.

Upande wa Jangwani nao ulisherehekea kupita kiasi, na huko ndiko uchambuzi wa usajili ulikopotea zaidi. Yanga haikuwa na pengo la wazi katika nafasi za ushambuliaji. Ilikuwa bingwa mtetezi. Stephane Aziz Ki alikuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21, na nyuma yake walikuwapo Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli. Ukiwauliza waliokuwa wanacheza ngoma mtaani Chama atacheza wapi, na atamtoa nani, jibu lilikuwa ni kicheko na kwamba “tumewaumiza Makolo”, jina la kejeli la Simba. Kumuumiza mtani kulihesabiwa kuwa faida kamili, kana kwamba kunaongeza pointi.

Sidharau utani. Wenye mila wanajua kwamba mtani halisi huja msibani, huwacheka wafiwa hadharani, hata hulala mahali pa maiti na kudai alipwe ndipo ainuke, na hakuna anayemkasirikia, kwa sababu huyohuyo ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Kuitana watani wa jadi si maneno matupu: Simba na Yanga zinatiana hamasa, zinajaziana uwanja na kuuziana jezi. Siku Chama alipotangazwa, kejeli za Yanga na majibu ya Simba vilikuwa sehemu ya mchezo ambao wote wawili wanaufaidi. Tatizo linakuja pale kiongozi anapouchukua utani wa kijiweni na kuufanya sera ya usajili, kwa kuwa utani ni wa bure na usajili una bili.

Na bili hiyo hatuioni. Chama alikwenda kama mchezaji huru, neno linalowafanya watu wengi wadhani hakugharimu kitu. Mchezaji huru wa daraja lake hana ada ya kuilipa klabu anayotoka, lakini ana dau la kusaini, mshahara, nyumba na marupurupu, na mara nyingi dau hilo hupanda kwa sababu ileile kwamba hakuna klabu ya kugawana nayo. Pamoja na hayo alichukua nafasi moja kati ya 12 za wachezaji wa kigeni zilizoruhusiwa wakati huo, na nafasi hiyo ni mali hata akikaa benchi. Klabu zetu hazina mazoea ya kutangaza dau. Ndiyo maana vijiweni zilitajwa namba za kila ukubwa: wa Yanga wakizipandisha ili kuonyesha jeuri ya fedha, wa Simba wakizipandisha hata zaidi ili kuonyesha upumbavu wa mnunuzi. Nadhani ni mara chache sana watani hao hukubaliana kutia chumvi kuelekea upande mmoja.

Historia nayo inawaonya wanaotamka neno “msaliti” haraka. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha hazikulipwa kwa wakati, shauri likafika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Mganda huyo akaibuka Yanga. Hasira ya Msimbazi wakati ule ilikuwa na msingi kuliko ya 2024, kwa kuwa klabu ilikuwa imempoteza mchezaji na fedha yake haijaiona. Hata hivyo Agosti 2014 Okwi alirudi Simba, na aliporejea tena baada ya kuondoka kwenda Denmark, alifunga mabao 20 katika msimu wa 2017/18 ulioirudishia Simba ubingwa. Bernard Morrison alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 kwa mgogoro uliofika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mwaka 2022 alikuwa amerudi Jangwani akishangiliwa.

Msimu wa 2024/25 ulitoa majibu ambayo kila upande ungeweza kuyatumia. Yanga walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Simba 2-0 katika mechi ya mwisho ya ligi, 25 Juni 2025, lakini Chama hakuwa mhimili wa kikosi hicho. Alikuwa na siku zake nzuri na siku zake za benchi, na baada ya msimu mmoja akaenda zake Singida Black Stars. Simba, bila yeye, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kufungwa na Berkane, ileile iliyomnunua Chama mwaka 2021. Ahoua, aliyerithi majukumu mengi ya Mzambia huyo, aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda alikuwa sahihi pale kijiweni na alikosea kule barabarani, ingawa mimi naona ile kauli ya barabarani ndiyo iliyokuwa ya dhati. Kijiweni alikuwa anajikinga na mtani; barabarani alikuwa anawaambia waliopewa dhamana ya klabu kwamba hawajampa maelezo, na hata uamuzi mzuri, usipoelezwa, humfikia shabiki kama dharau. Ubingwa wa 2025 ulipokwenda Jangwani kwa mara ya nne mfululizo, malalamiko hayo ya barabarani yalikuwa bado hayajajibiwa, Ahoua au hakuna Ahoua.

Siku hizi anavaa jezi mpya. Ile ya namba 17, aliniambia, ameigeuza kitambaa cha kufutia pikipiki. Niliitazama ilipokuwa imening'inia kwenye usukani: ilikuwa safi, imepigwa pasi, na hakuna herufi hata moja iliyobanduka.