Nimegeuzwa Mpishi wa Sisimizi

Mtu mzima mwenye mke, watoto wanne na mkopo wa benki hapaswi kuonekana saa tano za usiku amepiga magoti jikoni, akiwatilia sisimizi sharubati kwa kijiti cha kuchokolea meno. Hata hivyo, hivyo ndivyo Mama Rehema alivyonikuta juzi, akasimama mlangoni kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: “Baba Rehema, na hao nao umewaoa?”

Mambo yalianza kwa mstari mwembamba uliotoka kwenye soketi ya friji na kuteremka ukutani, nami nikadhani ni ufa wa rangi mpaka nilipouona ufa wenyewe unatembea. Sikushtuka, kwa sababu hapa Kariakoo sisimizi kwenye sukari ni sehemu ya chai: unapuliza, unakoroga, unakunywa. Nilianza kuwa na wasiwasi walipoipita sukari bila hata salamu, wakaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha changu nilichokuwa nimejiwekea kwa ajili ya daku. Nikafanya alivyofanya marehemu bibi yangu, nikaisimamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa. Wao wakapitia darini na kuteremka kwa waya wa taa, wakaikuta meza ikiwasubiri katikati ya bahari yake.

Ndipo nikafanya kosa ambalo ninalilipia hadi leo. Nilinunua kopo la dawa ya kupulizia, nikapuliza mpaka kasuku wa jirani akakohoa, na kwa siku mbili nilitembea kifua mbele. Siku ya nne mistari ilikuwa mitano: bafuni, sebuleni, chumba cha watoto, nyuma ya dishi la televisheni, na ndani ya kabati la nguo, ambako Mama Rehema alikunjua kitenge chake cha harusi akakuta mayai, watoto na wauguzi wao wamejipanga kama wodi ya wazazi. Nikamwita fundi wa dawa, ambaye alinitoza fedha za karo, akapulizia kila ufa, akaniambia, “Mzee, sasa utalala.” Wiki iliyofuata walifika chooni.

Aliyeniokoa, kama huku ni kuokolewa, ni bwana shamba mstaafu wa ghorofa ya chini. Nilimpelekea watuhumiwa watatu kwenye kipande cha gundi ya karatasi, nikamwamkia, naye akatoa kioo chake cha kukuzia na kunionyesha. Sisimizi huyu hafiki urefu wa milimita 2 au anazidi kidogo sana, rangi yake ni ya chai ya maziwa, ncha ya tumbo imekolea kama chai imeungua, na kati ya kifua na tumbo ana vifundo viwili, ambavyo mzee alivifananisha na shanga za kiunoni, kisha akaangalia pembeni kwa heshima. “Huyu ndiye sisimizi wa Firauni,” akasema. Kumbe jina hilo alipewa na mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, Carl Linnaeus, tangu mwaka 1758, na mimi kwa upande wangu sioni lingine lililomfaa, kwa kuwa ufirauni wake nimeuona kwa macho.

Mzee akanieleza kwa nini dawa ya kupuliza iliwazidisha. Kundi moja lina malkia wengi, wala halitegemei mmoja afe ndipo lisambaratike. Likihisi sumu au bughudha, sehemu yake hubeba mayai na watoto, ikahamia ukuta mwingine na kuanza maisha, na hata wakiondoka bila malkia, wafanyakazi wanaweza kulea malkia wapya kutokana na watoto waliowabeba. Isitoshe, hawaruki angani kutafuta wachumba kama kumbikumbi wa mvua za masika, bali huoana humo humo ndani ya kiota. Jambo hili liliniuma kuliko yote. Mimi mwaka huu nimekwisha changia kamati sita za harusi, za watu ambao wawili kati yao siwajui, na ndani ya soketi yangu watu wanaoana kila siku bila kadi wala ukumbi!

Dawa yake, basi, ni kuwalisha. Unachanganya gramu 1 ya asidi ya boriki, sumu inayoua polepole, kwa kila gramu 100 za maji ya sukari, kwa maana ukizidisha, mbebaji hufia njiani kabla ya kuwafikishia malkia na watoto mzigo. Unatia matone kwenye vizibo vya soda nyuma ya friji, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kisha unakaa mbali na kopo la kupulizia, na mstari wao usiufute hata wakipita juu ya kitambulisho chako. Yai huchukua siku kama 38 kuwa mfanyakazi, hivyo karamu hii ni ya miezi, si ya usiku mmoja. Wiki ya tatu walichoka utamu. Bwana shamba akasema wanataka protini, nami nikawachanganyia ini lililosagwa, usiku ambao familia yangu ilikula maharage. Mama Rehema hakusema neno, ila aliweka sahani yangu mezani kwa kishindo.

Wiki ya saba soketi ilinyamaza, na jana asubuhi nilikunywa chai bila kupuliza. Nilikuwa nimepanga kuwaomba majirani wote watege chambo kwa pamoja, kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja, na nilikuwa nimeanza kupanda ngazi kwenda kwa jirani wa juu nilipoisikia sauti kupitia mlango wake: psssss, ndefu, ya mtu mwenye kopo jipya. Nikashuka polepole, nikafungua friji, nikatazama kama ini limebaki.