Mbwa mlimani: afungwe kamba au aachiwe?

Wanaotaka mbwa aachiwe huru mlimani wana hoja nzito. Mbwa hutangulia, hunusa, hurudi, kisha huondoka tena. Kumlazimisha mwendo wa binadamu kutwa nzima ni kumnyima raha yenyewe ya safari. Isitoshe, kwenye mteremko wa mawe, mbwa anayevuta kamba anaweza kumwangusha aliyeishika.

Hata hivyo mimi nasimama upande wa kamba, hata kwa mbwa mpole. Ndege wengi wa nyanda za juu hutaga chini, katikati ya nyasi. Mbwa akipita akinusa tu, mama ndege huruka na mayai huanza kupoa, huku mwenye mbwa akiwa hatua hamsini nyuma, anaona majani matupu. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuiharibu hata asipong'atwa. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2000 ya England na Wales inataka kamba isiyozidi mita 2 kwenye maeneo ya wazi yaliyoruhusiwa kwa umma, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, na karibu na mifugo wakati wowote.

Lakini ng'ombe wenye ndama wakikujia mbio, iachie kamba mara moja. Shabaha yao ni mbwa, naye ana mbio kuliko wewe. Ukimng'ang'ania, utakanyagwa wewe.

Wapo pia wasemao mbwa aliye huru hujua mwenyewe kikomo chake. Hapo nakataa kabisa. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na wengi watamfuata bwana wao mpaka waanguke. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likifika 41 ni hatari ya kifo. Mtazame mdomoni: ulimi umetanuka, ufizi umeiva wekundu, mate yamekuwa mazito. Usingoje ayumbe. Mweke kivulini, mlowanishe kwa maji, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu kinyesi sioni pande mbili. Kinaweza kubeba vimelea vya Neospora, vinavyosababisha ng'ombe kutupa mimba, na hurutubisha udongo ambao mimea yake imezoea ufukara. Nimeona vifuko vilivyofungwa vizuri vikiachwa kando ya njia, vichukuliwe wakati wa kurudi. Wengi hurudi kwa njia nyingine. Kifungie kwenye begi palepale.