Taarifa za vitanda papo kwa papo: Dodoma ianzie kwenye rufaa

Hoja ya kuziunganisha hospitali kwa mfumo unaoonyesha papo kwa papo vitanda vilivyo wazi, wagonjwa wanaosubiri na mahali yalipo magari ya wagonjwa ina uzito wa pekee kwa Dodoma. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa huu watu 3,085,625, na jiji limepanuka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa hupokea wagonjwa kutoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na hata nje ya mkoa. Anayesafirishwa kilomita takriban 160 kutoka Kondoa hastahili kufika na kukuta kitanda alichokihitaji kina mtu.

Ushahidi kwamba uratibu wa namna hii unawezekana tunao nyumbani. Katika mpango wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, mama mjamzito, aliyejifungua au mhudumu wa zahanati hupiga 115 bila malipo. Mratibu hupima uzito wa dharura, programu humwonyesha gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliye karibu, na kituo kinachopokea huarifiwa mapema. Kwa maoni yangu, nguvu ya mpango huo haimo kwenye programu pekee, bali katika kuwapo kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua na dereva mwenye uhakika wa malipo yake.

Huko nje matokeo yanatofautiana. Hospitali ya Johns Hopkins ya Baltimore, iliyofungua mwaka 2016 kituo chake cha uratibu, chenye skrini za taarifa za papo kwa papo, ilieleza kwamba wagonjwa wa dharura walipangiwa vitanda kwa haraka zaidi kwa asilimia 30. Bradford, Uingereza, ilifuata mwaka 2019, lakini watafiti waliofuatilia usalama wa wagonjwa hawakuona badiliko kubwa la kuhusisha na kituo hicho. Tofauti hiyo isitushangaze. Wodi zikishajaa kupita kiasi, foleni hurefuka kwa kasi hata kama kila mtu anaiona, na taarifa husaidia tu pale ambapo mahali pengine pana nafasi. Ndiyo maana mfumo wa Dodoma ungepaswa pia kuonyesha vitanda vya hospitali za wilaya, ili mgonjwa aliyepata nafuu arudishwe karibu na kwao.

Pingamizi zito kuliko yote, na ambalo watetezi wa teknolojia hulipita haraka mno, ni la muuguzi wa zamu. Tayari anajaza vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa kitaifa wa kumbukumbu za huduma za afya, na penye mfumo wa kompyuta anaingiza humo taarifa zilezile. Akiongezewa mfumo wa tatu, huku wodi imejaa na mtandao unakatika, atahudumia wagonjwa kwanza na kujaza baadaye, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Lakini kitanda kilichoandikwa kuwa wazi saa tatu zilizopita kinaweza kuwa na mtu sasa. Taarifa iliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kukosa taarifa, kwa sababu tabibu wa wilayani akiiamini huacha kupiga simu kuhakikisha. Kwa hiyo hali ya kitanda itokane na kazi inayofanyika tayari, yaani kulaza na kuruhusu, na isidai ujazaji wa pili.

Ruhusa yenyewe ina mambo yake. Mgonjwa anaweza kuruhusiwa asubuhi akabaki kitandani hadi jioni kwa sababu ndugu bado wanatafuta fedha za kulipia au usafiri wa kurudi kijijini. Skrini haiwezi kuliondoa tatizo hilo.

Faragha inatatulika kwa urahisi zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ubao wa vitanda hauhitaji jina la mgonjwa: wodi, jinsia, umri na hitaji la oksijeni vinatosha.

Kwa hali hiyo, jaribio lianze na rufaa za wilaya mbili, tuseme Kondoa na Mpwapwa, likiwa na mratibu wa zamu usiku na mchana, na lipimwe kwa muda unaopita tangu rufaa inapoamuliwa hadi mgonjwa anapoonwa na daktari anakopelekwa. Muda huo usipopungua, fedha za skrini zipelekwe kwenye ajira za wauguzi.