Posho ikikata ndo utajua basic ni shilingi ngapi

Huku kusini mkubwa akistaafu maneno hayakosi: alikuwa anakamata milioni nne kwa mwezi, leo anakopa hela ya salfa ya mikorosho. Halafu wanamalizia, si alikuwa anakula bata.

Na bata kweli wameliwa, tusidanganyane. Harusi ya kamati kwa mamilioni, unyago wa binti uliogeuka harusi nyingine kabla ya harusi yenyewe, na gari linabadilishwa wakati la zamani bado linatembea fresh tu. Anayesema huyu mtu angeweka akiba hajakosea.

Ila mi naona wanahukumiwa bila kupigiwa hesabu. Chukua ofisa wa umma hapa Mtwara mwenye basic, yaani mshahara wa msingi bila posho, ya 2,400,000 kwa mwezi. Ongeza posho za vikao na safari za Dodoma na Dar, mwezi mzuri anafika hiyo nne, na familia inaishi kwa nne. Sasa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanakata kwenye basic tu, 5% yake na 15% ya mwajiri, posho haihesabiwi hata senti. Tuseme kafanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na tufanye wastani wa miaka yake mitatu bora ndo hiyo basic. 360 gawa kwa 580, namba ya kanuni yao, zidisha mshahara wa mwaka, inakuja kama milioni 17.9 kwa mwaka. Mkupuo, ile hela ya mara moja ukistaafu, ni 40% ya hiyo, ukizidisha na 12.5 ya kanuni hiyo hiyo ni kama milioni 89, na pensheni inayobaki ni kama 894,000 kwa mwezi. Kutoka nne hadi laki tisa isiyotimia! Tena hiyo 40% imekuja 2024, kikokotoo hiki, yaani hiyo kanuni ya kupiga mafao, kilipoanza Julai 2022 ilikuwa 33%, na watu wakabishana miaka miwili juu ya mkupuo utafikiri ndo ugonjwa wenyewe, wakati mkupuo ukipanda pensheni ya mwezi inashuka, na chini ya vyote viwili basic ni ile ile.

Halafu kuna mkopo. Sheria inataka makato yamuachie mtumishi theluthi moja ya mshahara, maana yake theluthi mbili zinaweza kwenda benki na asivunje sheria yoyote, kwa hiyo mshahara ni wa benki, nyumbani wanakula posho. Na mkopo wenyewe mara nyingi haukuwa wa starehe. Wakati wa joto la gesi, bomba la kwenda Dar linajengwa mpaka 2015, watu walikopa wakajenga lodge na nyumba za kupangisha wakisubiri wageni wa makampuni. Lindi nako viwanja upande wa Likong'o vilinunuliwa kwa ajili ya LNG, mradi wa kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika. Huyo tunamuita mtumiaji mbaya? Aliwekeza, wageni wakapungua, rejesho halikupungua.

Bado sijagusa ukoo. Aliyehamishiwa huku mke na watoto wakabaki Dar analipa nyumba mbili, na wa hapa hapa ana mtoto wa dada anayesubiri ada Newala na mjomba kalazwa hospitali ya Ligula. Kukataa hawezi, maana hao hao ndo watamzika.

Wengine wanamleta mwalimu wa Tandahimba, mshahara mdogo lakini ana ekari zake za mikorosho na kila Oktoba anasubiri mnada. Hoja nzuri, nakubali. Ila huyo mwalimu yupo shambani kwake, palizi anaiona kwa macho, wakati bosi anasimamia kwa simu toka ofisini. Na korosho nayo tunaijua, msimu wa 2018 wakulima waligomea bei mpaka serikali ikatangaza 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba.

Mi lawama yangu kwa hawa wakubwa ni moja tu, posho wanaipeleka nyumbani kama mshahara. Kuna nyumba mke hajawahi kuiona salari slipu ya mume, anajua tu kinachoingia, watoto wamezoea nne, na shule zinachaguliwa kwa hiyo nne. Mwenye miaka 52 leo kabakiza minane kufika 60, mitatu kama atatoka kwa hiari akiwa na 55, na kama kitinda mimba wake yupo darasa la tano ada ya chuo itamkuta yupo kwenye hiyo laki nane na tisini.